Michembe yenye ukungu, dagaa wenye mchanga na mtungi uliogoma kupoza

Barua nyingi za safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu zote zina kilio kimoja: bibi alifanya hivi ikakubali, mimi nikifanya inakataa. Tumechagua sita. Zilizouliza bei ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, tumeziweka pembeni. Hiyo ni biashara, hapa tunaongea jiko.

SWALI: Shikamooni. Mwaka huu nilikata michembe kutoka kwenye magunia mawili ya viazi vitamu, nikaanika siku tatu, nikafunga kwenye salfeti. Baada ya wiki tatu nafungua, katikati kuna ukungu wa kijani na harufu ya kuvunda. Mama anasema bibi alikaa nayo mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nimekosea wapi? Na je, nikiiosha na kuianika upya itafaa?
– Mama wa watoto wanne, Buswelu

JIBU: Marahaba mama. Tuanze na la mwisho maana ndilo lenye haraka: usiioshe. Ukungu wa namna hiyo unaweza kuacha sumu ambayo wataalamu wanaiita sumukuvu, na hiyo haitoki kwa kuosha, haitoki kwa jua, haitoki kwa kuchemsha. Itupe, tena usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa. Inauma, lakini gunia lililoota katikati halina upande ambao mtu anaweza kukuapia kuwa ni salama.

Sasa kosa. Siku tatu si kipimo cha ukavu. Siku tatu za Julai, upepo unavuma na anga ni jeupe, si sawa na siku tatu za mwisho wa Septemba mawingu yameshaanza kujikusanya ziwani. Kipimo ni kipande chenyewe. Chukua kile kinene kuliko vyote, si chembamba, ukivunje. Kikikatika "ka!" kama kijiti, kimeiva. Kikipinda kwanza ndipo kikatike, bado. Vunja vipande kumi kutoka pembe zote za jamvi. Kimoja tu kikipinda, rudisha vyote juani.

Kuna kipimo kingine cha mizani. Kilo 4 za viazi vibichi, baada ya kumenya na kukausha, hutoa kilo 1 hivi ya michembe, au kuzidi kidogo kama viazi ni vya unga. Ukipima ukakuta kilo moja na nusu, usishangilie mavuno. Hayo ya ziada ni maji.

Rudi nyuma hatua moja. Kwa desturi ya Usukumani kiazi cha michembe hakikatwi siku kilipochimbwa. Huachwa siku moja au mbili kinyauke, ndipo kimenywe na kukatwa. Kiazi kilichonyauka kimeshapoteza sehemu ya maji yake, hakitoi utomvu mwingi na kinakatika vipande vilivyolingana. Unene uwe milimita 3 hadi 5. Usawa ni muhimu kuliko wembamba: vipande vinene vikichanganyika na vyembamba, vyembamba vitakudanganya kwamba kazi imekwisha, na vinene vitaozesha gunia zima. Kiazi chenye vitundu vya fukusi kiache, ni kichungu na uchungu hauishi kwa kukausha.

Mahali pa kuanika, mkazi wa Mwanza ana bahati ya mawe. Jabali lililofagiliwa na kuoshwa hunyonya joto mchana kutwa, kwa hiyo kipande kinakauka juu na chini kwa pamoja. Ukianika kwenye turubai lililotandikwa chini, upande wa chini unatoa jasho na hauna pa kulipeleka. Siku ya kwanza geuza kila baada ya saa mbili. Jioni anua kabla ya saa 12. Umande wa usiku mmoja unakurudisha nyuma nusu siku.

Na kabla ya kufunga, poza. Michembe iliyotoka juani ifunikwe kwa kitambaa kivulini saa mbili au tatu mpaka iwe baridi mkononi. Ukiifunga ina joto, itatoa mvuke ndani ya salfeti na mvuke huo hautapata njia, hasa katikati. Gunia likae juu ya mbao, shubiri moja kutoka sakafuni, lisiegemee ukuta, na kila mwezi lifunguliwe liote jua siku moja.

Kwa nini ya bibi ilidumu bila hayo yote? Yake ilikaa kwenye uchaga juu ya mafiga. Moshi na joto la kila siku viliikausha upya na kuwafukuza wadudu. Nyumba yako ya bati, na jiko la mkaa au gesi, haina moshi huo. Ndiyo sababu wewe unahitaji kufungua gunia kila mwezi, na yeye hakuhitaji.

Jambo dogo: matobolwa ni kitu kingine. Hayo huchemshwa kwanza mpaka yaive, ndipo hukatwa na kuanikwa, na yakikauka hutafunwa hivyo hivyo au huchemshwa tena kwa karanga. Yakilowa katikati ya kukausha huharibika haraka kuliko michembe, kwa hiyo usiyaanze siku yenye wingu. Na kama unatumia viazi lishe vya rangi ya chungwa, kausha upesi, weka gizani na ule mapema; vitamini A yake hupungua juani na huendelea kupungua ghalani.

SWALI: Nimeolewa Nyakato nikitokea Iringa. Dagaa wangu kila siku wana mchanga, na mume wangu halalamiki ila anakula polepole, jambo ambalo ni baya zaidi. Naosha kwa maji ya moto mara tano. Nifanyeje?
– Bi harusi wa miezi minne

JIBU: Karibu Kanda ya Ziwa. Maji ya moto ndiyo adui yako. Dagaa mkavu akikutana na maji ya moto matumbo yanapasuka, mchanga uliokuwa juu ya ngozi unaingia ndani, na hapo hautoki hata uoshe mara ishirini.

Fanya hivi. Kwanza wapepete kwenye ungo wakiwa wakavu, mchanga mwingi utaanguka bila maji. Kisha wakaange kavu kwenye sufuria kwa moto mdogo, dakika tatu au nne, ukigeuza, mpaka wakakamae na harufu ipande. Waache wapoe, toa vichwa, na ukipenda toa na utumbo, kwa kuwa uchungu unakaa humo. Jaza beseni pana maji ya baridi au ya vuguvugu, mengi, kiasi cha lita 5 kwa bakuli moja la dagaa. Watumbukize, koroga kwa mkono mara moja, uache nusu dakika mchanga utue.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamwaga maji huku wamezuia dagaa kwa mkono. Mchanga uliokwisha kutua unapanda tena na kuwapitia. Usimwage. Waokote dagaa kutoka juu kwa kiganja au kwa kijiko cha matundu, uwahamishie beseni la pili, ndipo umwage lile la kwanza. Rudia mpaka upitishe vidole chini ya beseni usisikie chembe. Kwa kawaida ni mara tatu.

Lakini dawa kubwa iko sokoni. Ukienda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uliza dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya vichanja vya nyavu, si wa mchangani. Bei inazidi, ila huko hulipii mchanga kwa kilo. Wachague wenye rangi ya fedha inayong'aa, mwili umenyooka, kichwa hakijaachia. Waliogeuka njano au kahawia mafuta yao yameshachacha, na walio laini mkononi wamenyeshewa. Msimu wa mvua nunua wachache wachache. Dagaa aliyeanikwa mawingu yametanda hukauka nje tu.

Akishakuwa safi, mkaange kwa mafuta mpaka awe mgumu kabla ya kutia kitunguu na nyanya. Ukianza na nyanya atalegea na kuwa uji. Limau au ndimu mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

SWALI: Napanga Nyegezi, kwetu ni Ukara. Mama alizoea kunitumia udaga, ule muhogo uliovundikwa na kukaushwa; safari hii nimenunua muhogo mbichi sokoni nitengeneze mwenyewe. Rafiki anasema nikiukata mwembamba, nikaanika siku mbili na kusaga inatosha, habari ya kuvundika ni ya wazee wanaopenda harufu. Ni kweli?
– Kijana wa kisiwani

JIBU: Si kweli, na kwa hili tutakuwa wakali kidogo. Muhogo uko mtamu na uko mchungu, na muhogo wa sokoni ambao hujui ulitoka shamba gani uuhesabu ni mchungu. Ndani yake mna kitu kinachogeuka kuwa sianidi, sumu. Kukata vipande na kuanika kunaondoa sehemu tu. Kuvundika au kuloweka ndiko kunakovunjavunja muhogo kwa ndani mpaka sumu ipate kutoka. Harufu ni alama ya kazi hiyo, haikuwa shabaha yake.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime ulizuka ugonjwa unaoitwa konzo: mtu anaamka, miguu imekakamaa, na haiponi. Waliopatwa walikuwa wanategemea muhogo mchungu uliotwangwa na kuanikwa haraka haraka kwa sababu njaa haikuwaachia siku za kusubiri. Mboga yenye protini nayo ilikuwa haba. Hilo la pili litazame vizuri. Mwili unahitaji protini, hasa aina iliyomo kwenye samaki, nyama na maziwa, ili kuiondoa sumu ndogo inayobaki. Ugali wa udaga kwa dagaa ni ladha na kinga kwa pamoja.

Wewe uko chumba cha kupanga, kwa hiyo tunakushauri uloweke badala ya kuvundika. Kuvundika kunataka kona yenye joto, majani ya mgomba, na mkono unaojua kukwangua ukungu wote. Kuloweka kunataka ndoo tu, na kunaondoa sumu vizuri zaidi. Menya muhogo siku hiyo hiyo uliyonunua, maana ukilala siku mbili unaanza kuwa na mistari ya bluu. Kata vipande vya urefu wa kiganja, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mimina maji yafunike kabisa. Acha siku 3 hadi 4. Ulio tayari unabonyea kwa kidole gumba kama embe bivu. Wenye sehemu ngumu urudishe majini siku moja zaidi. Maji yale yamwage mbali, mbuzi wasiyanywe.

Toa nyuzi za katikati, kamua kwa kitambaa, vunjavunja uwe kama makombo ya mkate, anika juu ya kichanja au paa siku 2 au 3, ukavu uwe wa kupukutika. Kisha mashineni.

Na kama siku moja utapewa unga wa muhogo ambao hujui ulitengenezwaje, kuna njia ya kuulowesha kabla ya kupika. Tia unga kwenye beseni, weka alama ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka safi kwa unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, nje penye hewa. Sumu inatoka kama hewa. Pika siku hiyo hiyo, ukilala utachacha. Njia hii inasaidia, lakini haichukui nafasi ya kuloweka muhogo wenyewe.

SWALI: Nina mtungi nilioachiwa na bibi. Zamani maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma, sasa ni ya kawaida tu. Pili, jirani yetu mzee anasema maji ya ziwa yalale siku mbili ndani ya pipa kabla ya kuogesha watoto. Ni ushirikina?
– Msomaji, Igombe

JIBU: Pitisha kiganja nje ya mtungi. Ni mkavu, sivyo? Mtungi unapoza kwa kutoa jasho: maji yanapenya vinyweleo vya udongo, yanafika nje, yanakauka kwa upepo na kuondoka na joto. Mtungi usiotoa jasho umezibwa. Mara nyingi ni sabuni iliyotumika kuuosha, mikono yenye mafuta, au rangi ya kupendezesha sebule. Ukiwa na rangi, ugeuze wa kuwekea maua. Kama ni sabuni au mafuta, mwaga maji, sugua ndani na nje kwa mchanga laini na kipande cha katani, bila sabuni yoyote, suuza, uanike juani siku nzima. Jaza maji, uache siku moja, uyamwage, rudia mara mbili. Kisha uweke juu ya mchanga uliolowa, kwenye kona inayopitiwa na upepo, si kabatini. Na chota kwa kata yenye mpini mrefu. Kikombe kinaingiza vidole vya kila mtu ndani, na mtungi hauchemshi maji. Yachemshe kwanza mpaka yatokote, yapoe, ndipo uyatie.

La pili si ushirikina hata kidogo. Kwenye maji ya ufukweni wanaishi konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi nzima, haihitaji kidonda. Vijidudu hivyo visipompata mtu vinakufa ndani ya siku mbili. Pipa lenye mfuniko, lisilo na konokono wala majani ya ziwani, likikaa saa 48 maji yake yanafaa kuogea. Hayajawa ya kunywa. Na mchotaji naye asisahauliwe: anayesimama majini hadi magoti kujaza ndoo ameshapata kile anachowakinga wenzake, kwa hiyo achote kutoka gatini au kwenye mtumbwi. Watoto waliozoea kuogelea wapelekwe zahanati wapimwe, hasa ukiona damu kwenye choo au tumbo linalouma mara kwa mara.

SWALI: Mwanangu ana wiki tano. Mama mkwe amekuja kutoka Misungwi kunilea, na kwa kweli ananilea. Ila kila jioni anampa mtoto maji ya vuguvugu yenye sukari, na wiki ya kwanza alipaka majivu kitovuni. Nawezaje kumzuia bila kuonekana sina adabu?
– Mzazi mpya

JIBU: Hapa bibi zetu hawakuwa sahihi, na hakuna haja ya kuwatetea. Maziwa ya mama ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 88. Mtoto hahitaji tone jingine mpaka atimize miezi 6, hata jua likiwa kali. Maji yanaweza kumletea kuhara, na tumbo likijaa maji halinyonyi, nawe maziwa yanapungua. Kitovu hakipakwi kitu, kinaachwa kikavu na kisafi. Majivu au samadi inaweza kubeba vimelea vya pepopunda.

Usimwambie wewe. Amwambie mwanawe, tena wakiwa wawili, au siku ya kliniki mwende naye aketi muuguzi anapoeleza. Kisha mwachie yale anayoyajua kweli: kukukanda, kumbeba mtoto usiku upate usingizi, uji wa ulezi wa asubuhi. Yale maji ya jioni mwombe akupe wewe. Mama anayenyonyesha ana kiu kuliko mtu yeyote nyumbani.

SWALI: Mimi ni baba, Magu. Choroko zangu kila mwaka zinatobolewa zote ifikapo Desemba. Mama yangu aliweka majivu. Kiasi gani? Nilijaribu konzi mbili kwa gunia, sikuona kitu.
– Mkulima

JIBU: Konzi mbili ni salamu tu, mzee. Kiasi kinachofanya kazi ni madebe 3 ya majivu kwa madebe 4 ya choroko. Ndiyo, karibu nusu kwa nusu. Majivu hayawaui wadudu waliomo ndani ya punje. Yanajaza nafasi zote kati ya punje na punje, hivyo mdudu akitoboa punje ili atoke hana pa kupita, hampati mwenzake, hatagi. Majivu machache yanaacha njia, na njia moja inatosha.

Yawe ya kuni tupu, yasiyo na plastiki, yamepoa kabisa na yamechekechwa. Kabla ya yote pima ukavu: chupa ya kioo iliyokauka, choroko hadi robo, kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili, uache dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Ikibaki inatiririka, changanya na majivu, shindilia ndani ya pipa au mtungi mkubwa mpaka pasiwe na uwazi, kisha funika juu kwa majivu matupu ya unene wa sentimita 3. Fanya hivyo ndani ya siku chache baada ya kupura, kwa sababu fukusi anakuja na choroko kutoka shambani, hasubiri ghala. Ukisubiri mwezi unawafungia ndani.

Njia hii inafaa debe chache za chakula na za mbegu. Kama una magunia, majivu yatakushinda; nunua mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, uifunge kila tabaka peke yake, na usiifungue mwezi wa kwanza hata kwa kuonja. Kwa mahindi usitegemee majivu, dumuzi anayatoboa hata hivyo.

Siku ya kupika, peta choroko za majivu nje, upepo ukuelekee mgongoni, kisha osha maji matatu.